Asili ya Lini?

Swali langu ni dogo, ndugu msomaji, na lina magurudumu mawili. Mtu akirithi baiskeli ya marehemu baba yake, Raleigh nyeusi ya chuma, ile ambayo breki zake huvutwa kwa fito badala ya waya, je, ana ruhusa ya kuivua vifaa vyake na kuivisha vya kisasa? Na akishaivisha, anachokipanda ni baiskeli ya baba, au ni kitu kingine kilichobaki na jina lake tu?

Usicheke. Huku kwetu Ramadhani, Njombe mjini, nimewasikia ndugu wawili wakibishana juu ya jambo hili kwa ukali ambao kwa kawaida watu huutunza kwa ajili ya mipaka ya mashamba. Mkubwa ana biashara yake Makambako, kilometa kama 60 kutoka hapa. Mdogo amebaki nyumbani na ng'ombe wawili, na kila alfajiri hufunga madumu ya maziwa kwenye keria akateremka nayo mjini. Huyu mdogo alipata kwa muuza mitumba gurudumu la nyuma la baiskeli ya Kiholanzi: rimu ya aluminiamu, na breki iliyofichwa ndani ya kitovu, ile inayokamata ukikanyaga pedali kinyumenyume. Akataka kulifunga. Mkubwa akapiga simu kutoka Makambako, akasema vya mzee haviguswi.

"Kaka, hii breki itaniua."

"Mzee kaipanda miaka arobaini. Ilimuua?"

Nianze na breki, maana ndiyo inayomwaga damu. Rimu za Raleigh za namna ile ni za chuma kilichopakwa kromu. Breki zake hazibani rimu ubavuni kama tulivyozoea kwenye baiskeli za siku hizi. Huvutwa juu zikagusa rimu kwa upande wa ndani, ule unaotazama spoku. Kukiwa kukavu zinatosha. Mvua ikinyesha, maji hutanda juu ya kromu, na mpira wa breki huteleza kama mtu mwenye kandambili kwenye sakafu iliyomwagiwa sabuni. Unavuta, fito zinalia, baiskeli inaendelea na safari yake. Sasa ongeza madumu mawili ya maziwa. Ongeza na Njombe yenyewe, mji ulio karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, wenye mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, udongo mwekundu usio na huruma, na ukungu wa asubuhi ambao unamwona mwenzako akishakufikia. Aluminiamu hata ikilowa hukamatwa na breki vizuri kuliko kromu, na breki ya ndani ya kitovu haina habari kama nje kuna mvua. Ina udhaifu wake, hilo tulikubali: kwenye mteremko mrefu hupata moto hadi grisi ikaungua, na cheni ikikatika breki nayo imekwenda. Kwa hiyo fundi mwenye akili huiacha breki ya mbele mahali pake.

Na ile hoja ya kwamba haikumuua mzee? Mzee alikuwa mwalimu. Keria yake ilibeba madaftari. Tena aliianza safari yake kwenye barabara ya vumbi, kabla lami ya Makambako hadi Songea haijakamilika katika miaka ya 1980, kabla ya malori ya mbao kupishana na mabasi, na kabla ya pikipiki za Kichina kuijaza mitaa ya Njombe. Chombo kilekile kwenye barabara nyingine si chombo kilekile. Mkubwa anasema baiskeli isibadilishwe. Lakini imekwisha kubadilishwa na vitu vyote vinavyoizunguka, bila mtu kugusa hata nati moja.

Hata hivyo simdharau huyu kaka wa Makambako. Vijana wenzangu wengi wangemwita mshamba, kisha wakaenda kununua chochote kinachong'aa. Kipya kinyemi kingawa kidonda, na yeye analijua hilo kuliko sisi. Baiskeli kwa kizazi cha baba yake haikuwa chombo cha usafiri tu. Ilikuwa mshahara wa miezi ulioonekana kwa macho. Waliokwenda kwenye mashamba ya miwati yaliyoanzishwa Njombe mwishoni mwa miaka ya 1940, walimu, makarani, wainjilisti, wote waliujua uzito wa kurudi kijijini juu ya Raleigh. Watoto walikimbia nyuma yake. Kibati cha shingoni chenye kichwa cha korongo kilipigwa msasa wa majivu hadi kikafifia. Mtu anayekuambia "usiguse" mara nyingi hatetei chuma. Anatetea siku ile baba aliyoingia nayo uani.

Na ipo sehemu moja ambayo hata mimi naona uchungu kuifikiria ikitupwa: kiti cha ngozi. Ngozi ya kiti cha namna ile, ikipandwa miaka mingi, hulegea na kushika umbo la mwenyewe. Pale kwenye kiti mzee ameacha alama ambayo hakuna picha inayoweza kuiacha. Ukikikalia, unakaa alipokaa yeye, na mifupa yako inakwambia kwamba hamlingani.

Mwacha asili ni mtumwa, ndivyo anavyosema kaka mkubwa. Vizuri. Lakini asili ya lini?

Nimelikalia benchi la fundi mmoja wa hapa Ramadhani, chini ya bati, karai la maji la kupimia pancha likiwa miguuni. Nilimkuta anaisoma baiskeli ileile kama mtu anavyosoma cheti. "Pedali hizi za Kihindi," akasema. "Cheni ya Kichina. Spoku za mbele nilizibadili mimi mwenyewe, mzee akiwa hai, alinilipa kwa debe la mahindi. Madigadi ya nyuma yalitoka kwenye Phoenix. Krenki ya kushoto si yake, ile pini ilikula tundu likawa duara." Akaendelea hivyo hadi nikamwuliza kilichobaki ni nini. Akafikiri. "Fremu. Uma. Usukani. Rimu. Na kiti."

Basi ndugu yetu wa Makambako anatetea asili ipi? Ile iliyotoka Nottingham, Uingereza, ilikokuwa kampuni hii tangu mwishoni mwa karne ya 19? Hiyo aliibadilisha mzee mwenyewe, pancha baada ya pancha. Au ile iliyokuwepo siku mzee alipofariki? Lakini siku ile ilikuwa siku kama nyingine. Lau angeishi mwaka mmoja zaidi, huenda yeye mwenyewe ndiye angelileta gurudumu la Kiholanzi nyumbani. Kuigandisha baiskeli siku ya mazishi ni kumfanya marehemu aache kuwa mtu aliyekuwa akitengeneza vitu vyake.

Wagiriki walilijua fumbo hili. Plutarko anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi meli ya shujaa Theseus kwa kung'oa kila ubao uliooza na kuweka mpya, hadi wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakasema ni meli ileile, wengine wakasema siyo. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza chumvi kwenye kidonda. Akasema, tuchukulie kuna mtu aliyekuwa akiziokota zile mbao kuukuu, akaziunga upya kwa mpangilio uleule. Sasa meli ziko mbili. Ya Theseus ni ipi?

Hobbes alidhani anatunga fumbo. Kwenye vijiwe vyetu hilo ni biashara. Kile kibati cha korongo hubanduliwa kikapigiliwa kwenye fremu iliyotoka India, kisha mtu anauziwa "Raleigh ya Mwingereza mwenyewe". Hapa sioni haja ya falsafa yoyote. Huo ni uongo, na fremu ya Kihindi, ambayo ingeweza kujitetea kwa jina lake, nayo imetukanwa. Swali la kama kitu ni kilekile linakuwa la maana pale unapomwambia mtu mwingine kwamba ndicho. Mdogo mtu akipanda baiskeli yenye gurudumu la Kiholanzi akaiita "ya mzee", hamdanganyi mtu. Kila anayempita barabarani anaona. Akiiuza kwa jina hilohilo bila kutaja gurudumu, hapo ameanza safari nyingine.

Kuna watu, nao ni wengi duniani, ambao jambo hili kwao ni mapenzi. Wanazitafuta baiskeli za mashindano za chuma za zamani, zile nyembamba zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume, fremu za mabomba ya Reynolds 531 yaliyoanza kuuzwa mwaka 1935, halafu wanazifunga gia za leo, breki za leo, magurudumu ya leo. Wenzao wanawaona wahuni. Kule Gaiole in Chianti, Italia, tangu mwaka 1997 kuna mwendo uitwao L'Eroica, na masharti yake ni kwamba baiskeli iwe ya mwaka 1987 au kabla, levo za gia ziwe kwenye bomba la fremu, na waya za breki zipite hewani juu ya usukani. Kwa upande wa mashindano yenyewe, shirikisho la baiskeli la dunia liliamua mwaka 2000 kwamba rekodi ya saa moja ishindaniwe kwa baiskeli inayofanana na ile ya Eddy Merckx, aliyekwenda kilometa 49.431 huko Mexico mwaka 1972. Chris Boardman alikuwa amekwenda kilometa 56.375 mwaka 1996 kwa chombo cha kisasa na mkao wa kisasa. Akavuliwa vyote, akapewa baiskeli ya namna ya Merckx, na mwaka huohuo wa 2000 akapata kilometa 49.441. Miaka 28 ya maendeleo, ikishavuliwa nguo, ilikuwa meta kumi! Mwaka 2014 shirikisho likabadili mawazo tena, vyombo vya kisasa vikaruhusiwa.

Naipenda hadithi hiyo ya meta kumi, lakini haimsaidii mchukuzi wa maziwa. Wale wanacheza, nami sisemi kwa dharau. Mchezo una haki ya kujiwekea masharti, kama vile bao lina masharti yake. Kaka wa Makambako anataka kuweka masharti ya mchezo juu ya kazi ya mtu mwingine. Yeye haipandi.

Sisi wa kalamu tusijifanye wageni hapa. Katika miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, mwaka 1974, walikuwepo walioapa kwamba kisicho na vina na mizani si shairi, ni nathari iliyokatwakatwa. Wengine wakajibu kwamba vina ni fremu ya zamani, tuitupe. Leo tunawasoma Shaaban Robert na Kezilahabi kwenye benchi moja. Ila kuna tofauti ambayo baiskeli inatufundisha na ushairi haukuweza: shairi jipya halikukata hata ubeti mmoja wa shairi la kale. Utenzi ulibaki mzima kwenye rafu. Baiskeli ni moja tu.

Hapo ndipo naona mpaka ulipo, na wala haupiti kati ya kipya na cha zamani. Unapita kati ya kinachofunguka na kisichofunguka.

Chuma kina hulka ya kusamehe. Baiskeli ya mashindano ya miaka ya 1980 ina nafasi ya milimita 126 kati ya miguu ya nyuma ya fremu. Gurudumu la barabara lililokuja baadaye linataka 130. Tofauti ni milimita mbili kila upande, na fundi anaweza kuupanua mguu huu kidogo na ule kidogo, kwa subira na ubao, bila kuuvunja. Fundi mashuhuri wa Marekani, Sheldon Brown, aliyefariki mwaka 2008, aliwaeleza wasomaji wake jinsi ya kuifanya kazi hiyo nyumbani. Jaribu hivyo kwa fremu ya aluminiamu au ya kaboni, utalia. Chuma unaweza hata kukirudisha kilipokuwa, mara chache, ukiwa na adabu.

Gurudumu la Kiholanzi nalo ni la upande wa kufunguka. Kitovu chake kinaingia bila ugomvi mkubwa, na mkono wake wa breki unabanwa kwenye bomba la fremu kwa kibanio na skrubu. Ukichoka, unafungua, na hakuna kovu ila rangi iliyochubuka. Tahadhari ni tairi tu. Dukani utaambiwa yote ni "ishirini na nane", na kweli yote yameandikwa 28. Lakini 28 ya Raleigh inakaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635, na 28 ya gurudumu lile ni ya 622. Soma namba ndogo ubavuni kabla hujatoa hela. Nimeona mtu akipigana na tairi nusu saa akidhani amekosa nguvu, kumbe amekosa milimita 13.

Upande wa pili wa mpaka ndiko zilikolala maiti. Angalia baiskeli za mashindano zinazokuja kwenye makontena ya mitumba. Mabomba yake ni membamba makusudi, ili ziwe nyepesi. Zikifika kwetu zinataka keria, kwa kuwa baiskeli isiyobeba ni pambo. Basi mtu anaipeleka kwa mchomeleaji, wanaunganisha nondo kwenye bomba, na baada ya muda fremu inapasuka kando ya weldingi. Simlaumu mwenye mzigo. Namlaumu mchomeleaji aliyejua na akanyamaza, kwa sababu keria ya kufunga kwa vibanio ipo, ila inachukua mchana mzima na inalipa kidogo.

Kinachochomelewa, kinachokatwa, kinachotobolewa, kimemalizwa na mtu mmoja kwa niaba ya wote watakaokuja. Na urithi, kama una maana yoyote zaidi ya mali, ni kwamba wewe si wa mwisho kwenye foleni. Mdogo ana mtoto wa kiume wa miaka sita. Mtoto yule naye siku moja ataweza kutaka breki za fito, kwa sababu zake mwenyewe, labda za kipuuzi. Kwa hiyo, anayevua kifaa ana deni: akitunze. Rimu ile ya kromu si ya kuuzwa kwa muuza vyuma chakavu. Kwa kweli hoja hii ndiyo iliyopoza ugomvi. Gurudumu la mzee lilifungwa juu ya Hiace likaenda Makambako, konda akalitoza nauli ya mzigo, na sasa linaning'inia dukani kwa kaka mkubwa. Yeye ana kumbukumbu, mdogo ana breki. Kugawana urithi kwa spana, nani aliwahi kusikia?

Kuna ubishi nilioupata kijiweni, na ni mzuri. Mzee mmoja aliniambia, "Wewe kijana, hiyo sheria yako ya kufunguka ni ya mtu mwenye stoo. Maskini hana pa kutunzia vyuma." Ni kweli. Chuma kilichovuliwa kina bei, na nyumba yenye njaa haitunzi rimu kwa ajili ya mtoto wa miaka sita. Katika nyumba hiyo sheria yangu inanyamaza. Pia Raleigh ilichangia ubishi huu kwa jeuri yake: wenzake Uingereza walikata nyuzi 24 kwa inchi pale krenki inapoingilia kwenye fremu, yeye akakata 26, ili ukitaka kifaa umrudie yeye. Kisha Nottingham wakaacha kutengeneza fremu mwaka 1999, na kuunganisha baiskeli mwaka 2002. Umrudie nani? Aliyeuza kitu cha kudumu miaka mia kwa nyuzi anazozijua peke yake hana haki ya kulalamika ukimfungia cha Kichina.

Linabaki jambo gumu, nalo ni gurudumu la mbele. Breki ya mbele ya fito bado inateleza mvua ikinyesha, na fundi anasema njia ya uhakika ni rimu ya aluminiamu na breki ya waya ya kubana ubavuni. Ila uma wa baiskeli ile hauna tundu la kuishikia. Litabidi litobolewe, milimita sita, kupitia chuma ambacho mzee alikileta nyumbani kikiwa kizima. Tundu halifunguki. Halirudi Makambako juu ya Hiace.

Nimeligeuza hili usiku mwingi, na ninaona kwamba mvua za Novemba zikikaribia ningetoboa. Mwili wa mdogo mtu nao hauna vipuri. Lakini kabla ya fundi kuchomeka drili ningempigia simu yule wa Makambako, hata kama jibu lake nalijua, ili asije akaambiwa habari ya tundu lile na mtu mwingine.